Jibu: klima ya pikap inapuliza moto

Yaya, umesema garage wamekuwekea gazi mara 2 tangu joto la mwezi wa kumi na klima (mashine ya kupoza hewa ndani) ya ile Hilux bado inapuliza hewa ya moto, ngoja kwanza usilipe mara ya 3. Gazi ya klima haiishi kama mazuti, ikipunguka ujue iko na mahali inatokea, kuongeza bila kutafuta tundu ni kutupa makuta.

Fungua kapo motere ikiwaka, mwenzako awashe klima, angalia kile kisahani mbele ya puli ya kompresa (ile inasukuma gazi), lazima kizunguke pamoja na puli. Kikisimama angalia fyuzi na rele (swichi ndogo ya umeme), kisha pima presha motere ikiwa imezimwa na imepoa, kwa joto la digrii 30 ile gazi ya klima ya aina R134a inakuwa karibu bari 6,7, ukikuta 2 gazi imetoka. Tafuta alama ya mafuta, yanatoka pamoja na gazi, kwenye viungo vya mipira na kwenye kondensa (radiateri ya klima, mbele), vumbi yetu hii ya Lubumbashi inanata palepale, mimi yangu nilikuta jointi ndogo tu imekauka. Wakishaziba wavute hewa kwa pompi dakika 30, ndio waweke gazi kwa kupima mizani.

Ila kama inapoza ukiwa barabara ya Likasi na mjini inakuwa moto, hapo ni feni ao kondensa imejaa vumbi, ioshe kwa maji polepole.