Re: Redio ya hali ya hewa inaniamsha kwa maonyo ya kaunti za mbali

Redio yako haijaharibika. Mtambo mmoja wa kurushia matangazo wa NOAA, shirika la serikali la bahari na hali ya hewa huko Marekani, huhudumia kaunti kadhaa, na redio isiyowekewa msimbo hulia kwa zote. Ingiza msimbo wa SAME wa kaunti yako, yaani namba inayoifanya redio ilie kwa maonyo ya kaunti hiyo tu: tarakimu 6, na ya kwanza kwa kawaida ni 0, ambayo wengi huiacha.

Kisha pitia masafa yote 7, kati ya 162.400 na 162.550 MHz. Usichague kwa usafi wa sauti tu! Mtambo usiotangazia kaunti yako hautaiamsha redio, hata usikike vizuri namna gani. Sauti ikikwaruza, vuta antena, sogeza redio dirishani. Betri ziwemo daima.

Jaribio la kila wiki la mfumo wa maonyo, aghalabu Jumatano, huenda lisilie, tazama skrini.