Usikimbilie kusaini kampuni ya sola inapopunguza watu

Kampuni ya sola ikisema inabadili muundo, fundi wa Usa River au mhasibu wa tawi la Karatu anaweza kuitwa ofisini Arusha akakuta karatasi mezani. Isome mara mbili. Kama imeandikwa kwamba unaacha kazi kwa hiari, usisaini, hata ukiambiwa ni utaratibu tu. Aliyejiuzulu hapati kiinua mgongo, na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haimlipi fao la kukosa ajira.

Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara anapofikiria kupunguza watu, aweke wazi sababu, kisha ashauriane nanyi au chama chenu: kupunguzwa kunaepukika vipi, nani atachaguliwa kwa vigezo gani, lini, na malipo yake. Kusomewa majina yaliyokwishapangwa si mashauriano. Dai muhtasari wa kikao wenye tarehe na sahihi.

Kiinua mgongo cha chini ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Makosa mengi yako hapa. Anayefanya kazi siku 6 kwa wiki hugawanya mshahara wa mwezi kwa 26. Chukua 520,000: siku moja ni 20,000, siku 7 ni 140,000. Aliyekaa miaka 6 na miezi 8 anahesabiwa 6, yaani 840,000. Posho hazimo. Ukikataa bila sababu ya maana kazi nyingine waliyokupa, unaweza kukikosa kabisa.

Juu yake kuna notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, likizo uliyolimbikiza na cheti cha utumishi. Aliyeajiriwa Shinyanga akaletwa Arusha anastahili nauli na usafiri wa mizigo, pamoja na fedha ya kujikimu hadi asafirishwe. Hili husahaulika sana.

Ukiona umeonewa, una siku 30 tu za kupeleka mgogoro wa kuachishwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fomu Na. 1 mpe kwanza mwajiri, asaini kuipokea, ndipo uipeleke tume. Ahadi za mdomo, "subiri mwisho wa mwezi", ndizo zinazomaliza siku hizo.

NSSF nenda mapema, kabla hujakabidhi kitambulisho cha kazi, uchukue taarifa ya michango. Fao la kukosa ajira ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Mwezi ambao mwajiri hakuupeleka udai ungali unamjua mtu wa kumuuliza pale ofisini.