Kisima kikiwa safi wakati wa mvua, usikiamini bado

Kosa linaloniuma mpaka leo nililifanya kwenye kiwanja ambacho tangi la petroli lilikuwa limekwisha kufukuliwa. Shimo lilifukiwa, udongo ulionuka ulisombwa, na mwenye kiwanja alitaka kujenga. Nilichukua sampuli za maji kwenye visima vitatu vya uchunguzi, yaani mabomba yaliyozamishwa ardhini ili kupima maji ya chini, mvua zikiwa zimekolea. Majibu ya maabara yalikuwa mazuri, nami nikaandika ripoti ya kutia moyo.

Nilirudi kiangazi. Niliteremsha ule utepe wenye kitambuzi, ambao hulia mfululizo ukigusa mafuta na kukatakata mlio ukigusa maji. Kwenye kisima cha tatu ulilia mfululizo. Sentimita nne za petroli zilikuwa zinaelea mle ndani.

Hazikuletwa na mtu, zilikuwepo tangu mwanzo. Petroli ni nyepesi kuliko maji, hivyo hukaa juu yake na kupanda na kushuka pamoja nayo. Maji ya ardhini yakipanda, mafuta mengi hunaswa katikati ya chembe za udongo, chini ya maji, yakatulia humo. Yakishuka, mafuta huachiliwa na kujipenyeza kisimani. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliangalia: maji yalikuwa yamepanda kupita sehemu ya bomba yenye matundu. Hata kama mafuta yangekuwa yanaelea nje, yasingekuwa na pa kuingilia.

Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote kingine, pima kina cha maji, kila safari, kuanzia alama ileile kwenye mdomo wa bomba. Kiandike kando ya majibu ya maabara, kisha ulinganishe na kumbukumbu za uchimbaji zinazoonyesha matundu yanaanzia wapi. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu kwa mwaka mzima walau, usikimbilie kusema pako salama. Visima vitatu visivyo kwenye mstari mmoja vitakuonyesha pia maji yanaelekea upande gani, na hapo ndipo utajua jirani yupi wa kumfikiria kwanza.

Ukikuta mafuta yanaelea, pima unene wake na utoe taarifa siku hiyohiyo. Unene wa ndani ya kisima kwa kawaida huzidi ule uliopo kwenye udongo wa nje, kwa hiyo usiutumie kupiga hesabu ya lita zilizovuja.

Kuchukua sampuli kunataka mkono mtulivu. Kinachotafutwa zaidi ni benzeni, kemikali iliyomo kwenye petroli, ambayo husababisha saratani ya damu na huruka hewani upesi sana. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha maikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, na kwa kiasi hicho pua yako haisikii kitu. Jaza ile chupa ndogo ya mililita 40 polepole, ubavuni, mpaka maji yavimbe juu ya mdomo. Funga, ipindue, igonge kwa kidole. Ukiona kiputo, iweke kando uchukue chupa nyingine. Usiimwage na kuijaza tena, kwa sababu asidi ya kuhifadhi sampuli, ambayo huwekwa chupani kabla, itakuwa imetoka. Anza na kisima unachokiamini kuwa safi, umalizie na kichafu, ukibadilisha glavu kila mara. Jenereta ikae mbali, upande ambao upepo unaelekea. Na gari lijazwe mafuta jana yake, si asubuhi ya kazi.

Lakini kinachoninyima usingizi ni visima vya majirani wanaokunywa. Kama kipo upande ambao maji yanaelekea, usingoje robo mwaka nyingine. Nenda ukabishe hodi. Wengi watakuambia, kwa nia njema kabisa, kwamba wao huchemsha. Waeleze kwa upole kwamba kuchemsha huua vijidudu, ila benzeni huhama kutoka sufuriani ikaingia kwenye hewa ya jikoni, akaivuta anayepika na mtoto aliye karibu naye. Watafutiwe maji mengine siku hiyo, na chupa za sampuli ya kisima chao ziingie kwenye sanduku lilelile la barafu unaloondoka nalo.