Rangi mpya na kutu ya ndani
Je, rangi mpya inayong'aa inathibitisha kwamba gari la zamani halina kutu? Hapana. Kutu mbaya huanzia ndani, kwenye maungio ya bati ambako maji hutuama. Funga sumaku ndogo kwa kitambaa, ipitishe chini ya milango na kwenye kingo za bodi juu ya matairi: ikilegea ghafla, hapo pamejazwa puti, yaani dongo la kuzibia mashimo ya bati. Inua kapeti na tairi la spea, ugonge bati kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia kwa ukali. Lililooza hutoa mlio mzito, hubonyea na kumwaga unga mwekundu. Mimi niliuziwa gari moja lililopakwa lami mbichi chini, kumbe chesisi, yaani fremu inayobeba gari, imetoboka. Ila sumaku haisaidii kwenye bodi ya alumini au plastiki.