Nguo zote zinapwaya na safari ya kupungua haijaisha: nilivyovaa kwa miezi 16

Dada, nimesoma swali lako mara mbili. Umeshapungua kilo 11, umebakiza kama 15, suruali zote zinakupwaya, hela ni ya mawazo, na unauliza kama uvumilie hizo hizo mpaka ufike mwisho ndipo ununue nguo za kutokea kwa mkupuo mmoja. Mimi nasema usisubiri. Na usinunue za mwili unaoutarajia. Nunua chache za mwili ulio nao leo, za bei ya chini, na ukubali mapema kwamba utaachana nazo. Naandika kirefu kwa sababu mimi nilianza kwa kusubiri, nikaja kununua za mbele, na yote mawili yalinigharimu.

Nilikuwa kilo 101, urefu wangu sentimita 162. Presha ilipanda, daktari akanieleza wazi, nikaanza kutembea na kupunguza wanga na soda. Mambo ya chakula siyaingii hapa. Baada ya miezi 16 mzani ukasoma 76. Kazini navaa sare na nilibadilishiwa mara mbili, kwa hiyo shida yangu ilikuwa kama yako: nguo za Jumamosi, za sokoni, za kumpeleka mtoto kliniki, za kwenda kumjulia hali mgonjwa.

Miezi mitano ya kwanza niliishi ndani ya madera. Dera ni vazi la heshima na linakaa mwili wowote, lakini kwa mtu anayepungua lina ubaya wake: halikuambii kitu. Unaweza kupungua saizi mbili usijue, na wanaokuona nao hawajui, wanachoona ni uso umeingia ndani na mikono imekuwa myembamba.

Siku moja tulikuwa na msiba upande wa mume wangu, Temeke. Nikavaa sketi yangu nyeusi ya zamani, kiunoni nimeishika kwa pini mbili, na blauzi ambayo kila nikiinama kuosha vyombo ilikuwa inateleza begani. Mama mkwe akanishika mkono, akaniingiza chumbani, akafunga mlango. "Mwanangu, unaumwa nini? Niambie mimi kabla sijaambiwa na watu." Nikamweleza habari za presha na kutembea. Akanisikiliza, akaangalia zile pini, akasema, "Basi vaa nguo zikukae. Huko nje wameshakuzika."

Wiki ile nikanunua sketi moja na blauzi moja za saizi yangu. Kwenye arobaini, watu wale wale wakaniambia nimependeza, wengine wakauliza natumia nini. Kilo zilikuwa karibu zile zile. Huku kwetu mtu akikonda jambo la kwanza linalofikiriwa ni ugonjwa, na nguo inayoning'inia ndiyo inayompa kila mtu ruhusa ya kuuliza. Wewe unafanya kazi ngumu kila siku, hustahili kuulizwa unaumwa nini kila ukipita. Hiyo peke yake inatosha kuwa sababu ya kutosubiri.

Kosa la pili lilikuwa jinzi. Nilipofika kilo 90 nikaingia duka moja Kariakoo, nikatoa shilingi 35,000 kwa jinzi mpya ndogo kwangu kwa saizi tatu, nikaitundika nyuma ya mlango iwe inanikumbusha. Ilikaa miezi tisa. Nilipofika 78 kifungo kikafunga, lakini mapaja yakabana kiasi kwamba nisingeweza kukaa kwenye daladala. Mwili wangu ulitoa tumbo, mgongo na mikono kwanza, nyonga na mapaja vikafuata taratibu sana. Mwingine huenda ikawa kinyume. Huwezi kujua leo umbo lako litakuwaje ukifika, utajua kilo tu, na jinzi haivaliwi na kilo. Nikaiuza 12,000 ikiwa haijawahi kutoka nje.

Kilichoniokoa ni mtumba, na huko ndiko mambo yalikokaa sawa. Kwa Dar mimi nilikuwa nakwenda soko la Karume, mara nyingine Tandika au Manzese. Walioko Moshi wana Memorial, na wa Nairobi wana Gikomba na Toi. Kanuni ni zile zile.

Kwanza, nunua futi kamba ile ya mafundi, uiweke kwenye pochi isitoke. Wengi tunapima suruali kwa kuzungusha kiuno chake shingoni, ncha zikikutana nyuma tunasema imetosha. Njia hii inategemea kiuno kiwe kama mara mbili ya shingo. Kwa mtu ambaye kiuno chake kinazidi mara mbili ya shingo inadanganya, na ukiwa unapungua inadanganya zaidi, kwa sababu shingo na tumbo havipungui kwa mwendo mmoja. Nilibeba suruali mbili nyumbani kwa kipimo cha shingo na zote mbili hazikupanda. Mama aliyeniuzia, niliporudi, hakunibadilishia lakini alinifundisha. Alilaza suruali juu ya meza, akavuta kiuno kikanyooka, akapima toka pembe hadi pembe: inchi 19. "Mara mbili, 38. Wewe kiuno chako ngapi?" Nikawa sijui. Akanipima pale pale juu ya gauni: 40.

Kwa hiyo ukiwa nyumbani chukua nguo moja inayokukaa vizuri leo, ilaze kitandani, andika kwenye simu: kiuno, nyonga, paja chini kidogo ya msamba, na kwa blauzi bega hadi bega na kifua chini ya kwapa. Rudia kila mwezi. Saizi za kwenye lebo zichukulie kama dokezo tu. 16 ya Uingereza ni karibu mwili mmoja na 12 ya Marekani, na kwenye rundo moja zote zimechanganywa, halafu nyingi zimeshafuliwa mara nyingi zikarudi. Futi kamba haijali lebo.

Pili, muda. Belo likifunguliwa asubuhi, nguo kali zinatundikwa na bei yake inajulikana. Zinazobaki zinamwagwa kwenye turubai, na jioni muuzaji anataka kuondoa mzigo. Mtu anayepungua hahitaji nguo ya kudumu miaka mitano, anahitaji ya miezi mitatu au minne. Hivyo chagua turubai. Fulana nzuri za pamba nilikuwa naokota kwa 2,000, hizo hizo asubuhi zikiwa zimetundikwa naambiwa 6,000.

Ila bei ya chini isikufanye uache kukagua. Suruali za saizi kubwa zinaliwa mapajani, pale miguu inaposuguana. Iingize mkono kwa ndani, iinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya hapo, iache, mshono wa fundi hautakaa kwenye kitambaa kilichokwisha. Halafu makwapa ya blauzi, na zipu uipandishe na kuishusha mwenyewe.

Sasa nguo zipi. Tafuta zinazokubali kupungua pamoja nawe. Sketi za kuzungusha na kufunga kwa kamba, kama tunavyofunga kanga, moja niliivaa toka kilo 95 hadi 80, kila mwezi naizungusha zaidi kuelekea kushoto. Suruali za lastiki au za kamba kiunoni. Jinzi zinazovutika, siyo zile ngumu. Gauni la shati lenye mkanda wake. Shati la kiume la pamba kubwa kidogo, uliache wazi juu ya fulana inayokukaa. Hili lilinibeba sana, maana fulana ya ndani ikikukaa, shati la juu hata likipwaya linaonekana umekusudia.

Blauzi na jaketi chagua kwa mabega. Kiuno fundi atakibana, urefu atapandisha pindo, lakini bega likishuka kuelekea mkononi kulirudisha ni kufumua mkono mzima na kukata upya. Kazi hiyo inazidi bei ya nguo.

Na hapa kwa fundi ndipo hela yangu nyingine ilipopotea, kwa hiyo nisikilize vizuri. Nilipofika 92 nilimpelekea nguo sita kwa pamoja, zote zibanwe. Baada ya miezi miwili zikapwaya tena, na tatu hazikuweza kubanwa mara ya pili kwa sababu alishakata vitambaa vya pembeni. Fundi hakukosea, mimi ndiye niliyemwambia abane bila kumwambia kuwa bado napungua. Mweleze. Mwambie asikate, akunje ndani na ashone mshono mrefu unaofumuka kirahisi. Suruali ya kawaida inabanwa nyuma katikati, na mpaka wake ni kama inchi 2. Ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na miguu ya suruali inajipinda. Zaidi ya hapo lazima afumue pembeni zote mbili, na hapo ni bora ununue nyingine. Jinzi ni kazi zaidi, maana mshono wa nyuma ni wa kukunjwa mara mbili na mkanda wa kiuno lazima ufumuliwe, kwa hiyo sibani jinzi ya mtumba kabisa. Sketi ya lastiki usipeleke hata kwa fundi: toboa sehemu ndogo ndani, vuta lastiki, kata, shona kwa mkono.

Nilikuwa nabadilisha kwa saizi, siyo kwa mwezi. Kwangu kila kilo 6 hivi zilishusha saizi moja. Ishara yangu ilikuwa hii: nikiweza kuvua suruali bila kufungua kifungo wala zipu, imemaliza muda wake. Kila mzunguko nilinunua suruali mbili za 7,000, sketi moja 5,000, fulana nne za 2,000, gauni moja 8,000, na nikatenga 5,000 ya fundi. Jumla 40,000. Nilizunguka mara nne, 160,000 kwa miezi 16, ni 10,000 kwa mwezi. Nilikuwa natenga 2,500 kila Ijumaa kwenye simu na siigusi. Nguo nane zinatosha kama zinaoana. Mimi nilishika rangi tatu, bluu iliyokolea, nyeusi na nyeupe, na rangi nyingine nikaziachia mtandio.

Sidiria ni habari tofauti, na nguo zote za ndani. TBS, shirika la viwango la Tanzania, walishapiga marufuku nguo za ndani za mtumba, na hata zikikutana na wewe mtaani usichukue. Nunua mpya, moja au mbili tu, ambayo leo inakukaa ukiifunga kulabu ya mwisho kabisa nje. Ukipungua unahamia ya katikati, halafu ya ndani. Mkanda wa mgongoni ukianza kupanda juu ukiinua mikono, badilisha. Nilichelewa hapa, na blauzi nzuri nilizokuwa nimezichagua kwa makini zilikuwa hazikai sababu ya sidiria tu.

Umeuliza pia kuhusu hizo kubwa ulizonazo, kama uzitoe au uzifungie. Za mtumba nilizokuwa nanunua nilikuwa naziuza nikihama saizi. Nazifua, nazipiga pasi, naweka picha status pamoja na vipimo vya inchi, na wanawake wa saizi kubwa wanaotafuta nguo nzuri ni wengi kuliko wauzaji wanavyodhani. Karibu theluthi ya hela ilirudi. Baadhi nilimpa dada mmoja kazini ambaye naye ndiyo kwanza ameanza kutembea, tukawa tunarithishana.

Ila usitoe zote kwa siku moja. Bakiza za saizi moja juu ya ulipo. Mimi Desemba nilikwenda kijijini wiki tatu, nikarudi na kilo 3, na suruali niliyokuwa nimeibakiza ndiyo niliyoivaa mwezi mzima huku nikizishusha tena, bila kununua kitu. Na za kitenge ulizoshonesha kwa hela nyingi, hizo usiziuze wala usizibane sasa hivi. Gauni langu la harusi ya mdogo wangu lilikaa sandukuni mpaka uzito ulipotulia miezi mitatu mfululizo, ndipo nikalipeleka. Fundi alilifumua pembeni zote mbili, akatoa inchi 4 kila upande, na vile vipande alivyokata akanishonea kilemba. Nitalivaa mwezi ujao kwenye ubatizo.