Jibu: Tinti, nibandike mwenyewe au nimpe fundi?
Ndugu, umeuliza kama tinti, ile karatasi ya giza ya vioo vya gari, ubandike mwenyewe au umpe fundi. Vioo vya milango jaribu tu: maji yenye sabuni kidogo, raba ya kusukumia maji, wembe mpya na subira. Adui ni vumbi. Mimi chembe moja tu iliniachia kipele kwenye kioo, mbele ya macho mpaka siku nauza gari! Kioo cha nyuma usikiguse. Kimepinda, kwa hiyo karatasi lazima ipashwe moto isinyae ifuate umbo, na ukikwangua tinti ya zamani kwa wembe unakata zile nyaya za kuondoa ukungu. Hicho mwachie fundi. Ukimaliza, usishushe vioo kwa siku 3 au 4 hivi. Na kabla hujanunua, angalia sheria inaruhusu giza kiasi gani.