Kwa mnaotoa diwani ya kwanza ya mashairi, kutoka kwa aliyemrudisha babu

Mwezi huu nimeletewa miswada mitatu: mmoja kutoka Iringa mjini, mmoja Mafinga, mmoja hapa hapa Mbeya, Soweto. Yote mitatu utangulizi wake unaanza na sentensi moja: "Tangu nikiwa shule ya msingi nimekuwa na kipaji cha ushairi." Nikaweka miwani mezani, nikaenda kuchemsha chai. Siwacheki. Utangulizi wa diwani yangu ya kwanza ulianza hivyo hivyo, tena mimi niliongeza "Mwenyezi Mungu alinijalia", kana kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyekosea mizani ukurasa wa 14.

Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka nayasema kwa mdomo, na koo lenyewe la baridi hii ya Juni halina tena nguvu.

1. Kipaji si chanzo. Msomaji akikuuliza diwani yako ilitoka wapi, anataka kujua ni siku gani, jikoni kwa nani, na nani alikuwa analia. Huyu wa Mafinga baba yake anapasua mbao za Sao Hill. Kijana kakua na vumbi la mbao kwenye mashuka. Nafungua mswada wake nakuta nini? Jahazi, kusi, nanga, karafuu. Nikampigia simu.

"Mdogo wangu, bahari uliiona lini?"

Kimya. Halafu: "Bado, kaka."

Namwelewa, na kosa si lake peke yake. Mashairi tuliyokaririshwa darasani wengi wa watunzi wake ni watu wa Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, Tanga. Yeye bahari ilikuwa jirani, alikuwa na haki ya kuisalimia kila asubuhi. Jirani zetu sisi ni ukungu, pareto, magunia ya viazi pale Uyole, na mgema ulanzi anayeukata mwanzi asubuhi na kurudi kuukata tena jioni ili usiache kutiririka. Hebu soma tena hapo: unaukata ili utiririke. Shairi zima limesimama kwenye mianzi ya shangazi yako, wewe unaning'inia kwenye mlingoti wa jahazi la watu.

Na ninyi wa Iringa, Gangilonga tumeisikia. Ni jiwe linaloongea, sawa, lakini kila diwani linaongea maneno yale yale juu ya Mkwawa. Lipeni likizo.

2. Mizani, yaani silabi za mstari, hesabu kwa mdomo, usihesabu kwa macho. "Nchi" ni mizani mbili, nimechoka kusema. Ukiandika masivina, yaani mashairi yasiyofuata vina, iwe ni kwa sababu shairi limevikataa vina. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake Kichomi mwaka 1974 wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani, walimjia juu, lakini alijua anachokikataa. Wewe unakataa kitu ambacho hujawahi kukishika.

3. Usiibe, na ukishaazima usidanganye. Hapa vuta kiti.

Shairi lililoibeba diwani yangu ya kwanza halikuwa langu. Bibi yangu mzaa mama, kule Rungwe, alikuwa na wimbo wa Kinyakyusa aliouimba akipalilia. Ni wimbo wa mume aliyeondoka enzi za Wenela, vijana walipokuwa wakiandikishwa kwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Bibi alipofariki, wimbo ukabaki kwa mama mdogo, ndiye aliyenilea. Mimi nimelala kwenye wimbo ule miaka yote ya utoto. Nikaufasiri kwa Kiswahili, nikaukata mizani nane kwa nane, vina vya ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) na vya utao (nusu ya pili) vyote nikavifunga kwa "di", nikajiona malenga. Chini nikaweka jina langu. Nilipoulizwa msukumo wa shairi lile, nilijibu bila haya kwamba ni "tafakuri ya muda mrefu juu ya uhamiaji wa nguvukazi".

Siku ya uzinduzi ukumbi ulijaa. Mama mdogo kaja na kitenge kipya, kakaa mstari wa mbele. Nikasoma. Nikafika ubeti wa mwisho, nikapandisha sauti:

Ilipozidi baridi, babu nyumbani karudi.

Vigelegele. Mama mdogo hakupiga. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi, MC akadhani anataka kununua nakala, akampelekea kipaza sauti.

"Mwanangu," akasema, "hiyo nyimbo ya mama naijua. Umeisema vizuri. Ila baba hakurudi. Mbona kwenye kitabu karudi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Nikaanza kumweleza habari za vina, mbele za watu, kwamba ushairi una kanuni zake, kwamba wakati mwingine kina kinamlazimisha mtunzi. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu zote, akasema "Ndaga fijo", asante sana, akakaa. Ukumbi mzima ulielewa kuliko mimi. Baadaye, kwenye soda, hakuna aliyeniuliza juu ya uhamiaji wa nguvukazi.

Wadogo zangu, sijamaliza. Nakala 300 zilikuwa zimeshachapwa. Usiku ule nikakaa nazo na kalamu, nikisema nitaufumua ubeti wote, nitafute kina kingine. Nikajaribu kwa mdomo, polepole, nikihesabu vidole: babu kwetu hakurudi. Ba-bu-kwe-tu-ha-ku-ru-di. Nane. Na kina ni "di" ile ile.

Kumbe vina havikunilazimisha chochote. Ukweli ulikuwa unaenea kwenye mstari tangu mwanzo, tena bila kubanwa. Mimi ndiye niliyemtaka babu arudi, kwa sababu nilishaanza kuvisikia vigelegele nikiwa bado naandika. Nilisahihisha kwa mkono nakala zote zilizobaki. Usiku tatu. Kidole kilivimba. Zile zilizouzwa siku ya uzinduzi bado zipo majumbani mwa watu, na ndani yake babu anarudi kila zinapofunguliwa.

Kwenye toleo la pili jina la bibi liko juu ya shairi. Langu liko chini, herufi ndogo, baada ya neno "limefasiriwa". Kabla ya kuchapa nilikwenda Rungwe na mswada, nikamsomea mama mdogo jikoni, akanisahihisha maneno mawili. Mnionapo nawauliza "huyu kwenye shairi amejua kwamba yumo?", msinikunjie uso.

4. Namba ya kitabu, ile ISBN yenye tarakimu 13, inaombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kabla jalada halijaenda mtamboni. Kunakili ile mistari myeusi ya namba (barcode) ya kitabu kingine uibandike nyuma ili diwani "ionekane rasmi" ni utoto. Nimeliona mwaka huu huu.

5. Prufu, ile nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapa, asome mwingine, kwa sauti, wewe ukiwa umefunga mdomo.

6. Kurasa zigawanyike kwa nne, chini ya 60 piga pini, usilazimishe gundi. Maboksi usiyaweke kwenye sakafu ya saruji, hasa mkiwa Tukuyu. Weka mbao chini. Nakala 40 zangu zilivimba masika moja tu, zikawa nene kuliko kamusi. Na Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nenda ukiwa na chenji na moyo mgumu, watu wamekuja kutafuta mbegu za mahindi. Mmoja alinunua diwani yangu akaniuliza inapandwa kwa nafasi gani. Sijui mpaka leo kama alikuwa ananitania.

7. Ndugu na jamaa hawakopeshwi kitabu.

Yule wa Mafinga kanitumia shairi jipya jana usiku, saa sita na nusu. Hakuna jahazi. Kuna msumeno, kuna baba anayekohoa akidai ni mafua, na kuna mtoto anayeyakung'uta mashuka nje kabla jirani hawajaamka. Nimelisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Ubeti wa tatu, mshororo wa pili, utao una mizani tisa. Mdogo wangu, rudi ukahesabu.